MAMA AACHAYE MSHAHARA ILI AUZE CHAKULA
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya ombi la mkopo linalotujia mara kwa mara: ombi la mama anayelea watoto peke yake, atakaye kuiacha kazi ya mshahara afungue kibanda cha chakula. Desturi yetu ni kumwuliza kwanza, "Ni mwanamume gani wa jamaa yako atakayekudhamini?" Wazee waliliweka swali hilo kwa nia njema, ili kuzilinda fedha za wanachama. Lakini kwa heshima nasema kwamba haliwezi kuzilinda. Jina la shemeji halipiki githeri. Yafaa tumwulize maswali mengine matatu.

La kwanza, aiachaje kazi? Asiondoke kwa hasira. Auze kwanza siku zake za mapumziko, apate kuwajua wanunuzi. Kisha atoe notisi kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka siku 28 kwa alipwaye kwa mwezi, isipokuwa mkataba wake wataka zaidi. Adai malipo ya likizo asiyoipata, na cheti cha utumishi. Cheti hicho akitunze vema, kwani biashara ikimshinda atakihitaji atafutapo kazi nyingine.

La pili, ana daftari? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme ameuza chapati, maharagwe na chai kwa shilingi 3,000 kwa siku. Unga, mafuta, maharagwe, maziwa, sukari na makaa vimegharimu 2,000. Kodi ya kibanda, maji na ujira wa msaidizi 400. Zilizo zake ni 600 tu. Akitwaa 1,000 amnunulie mtoto viatu, 400 kati ya hizo ni unga wa kesho. Tena mafundi wa ujenzi hula tangu Jumatatu, nao hulipa Jumamosi wapokeapo ujira wao. Basi mtaji wa siku moja haumtoshi. Ni lazima aweze kupika juma zima kabla ya kulipwa. Wengi huanguka hapo, si kwa uvivu, bali kwa kuishiwa unga siku ya Jumatano huku fedha zao zimo mikononi mwa wateja.

La tatu, amejitayarishaje? Apate leseni ya kaunti na cheti cha afya cha mwenye kushika chakula, ambacho hupimiwa upya kila miezi sita. Bila hivyo, askari wa kaunti waweza kumchukulia sufuria zake zote siku moja. Na watoto je? Apikaye mandazi huamka saa kumi ya usiku. Ni nani atakayewatazama mpaka waende shule? Katika jambo hilo mama zetu wa mtaani waweza kumsaidia kuliko fedha.

Ndugu zangu, mama huyu aweza kushindwa, kama mwanamume awezavyo kushindwa. Lakini tukimnyima kwa sababu hana mume, twawanyima karo na chakula watoto ambao chama hiki kilikusudiwa kuwasaidia. Atakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye hamwulizi habari za mume, ila humtoza riba ya kumkausha. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa ajili ya jinsia yake au kwa kuwa ameolewa au hakuolewa. Haifai chama cha ustawi kiwe nyuma ya sheria ya nchi.

Kwa hiyo natoa shauri hili mbele ya mkutano: sharti la mdhamini mwanamume liondolewe. Mahali pake mwombaji alete daftari la mauzo ya miezi mitatu, na wadhamini wawili wanachama, wake kwa waume. Naye alipe kila Jumamosi jioni, wakati wateja wake nao wamemlipa, asingojee mwisho wa mwezi.

Wazee wetu, ninyi ndio mliotufundisha kumpima mtu kwa kazi ya mikono yake. Twaomba kipimo hicho kitumike na kwa mama huyu.