Thamani ya Mpigaji wa Besiboli: Hesabu Inaanzia Kwenye Daftari



Nimeombwa nizungumzie hesabu mpya zinazotumika kupima mpigaji wa besiboli. Wengi wetu humu tumelelewa na mpira wa miguu, kwa hiyo naanza na mchezo wenyewe kwa maneno machache. Mrushaji anarusha mpira. Mpigaji anasimama na fimbo yake. Akifaulu, anakimbilia besi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na akirudi nyumbani salama timu yake imepata mkimbio mmoja. Akishindwa, ametolewa. Wakitolewa watu watatu, timu inaacha fimbo na kwenda kulinda uwanja. Katika mchezo kamili wa raundi tisa, kila timu ina nafasi 27 za kutolewa, basi.

Shikeni namba hiyo, 27. Besiboli haina saa ya refa. Mali ya timu ni hizo nafasi 27, na mpigaji mzuri ni yule anayeleta mikimbio mingi huku akizitumia kwa ubahili. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Kila mtu wa Kisangani amewahi kusimama kwenye maporomoko ya Wagenia akatazama wavuvi wakipanda juu ya miti iliyofungwa kwa kamba za msituni, wakivuta migono ile mikubwa yenye mdomo mpana ulioelekezwa kwenye mkondo wa maji. Asubuhi moja nilimwona mama mmoja mnunuzi akisubiri ukingoni na beseni lake. Mgono wa kwanza ulitoka na samaki saba, wadogo kama kiganja. Wa pili ulitoka na wawili tu, lakini mmoja alikuwa kapiteni aliyebebwa kwa mikono miwili. Mama yule hakuhesabu vichwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgono wa pili na kuanza kupatana bei.

Kwa zaidi ya miaka mia moja besiboli ilihesabu vichwa. Kipimo kikuu kilikuwa wastani wa kupiga: idadi ya mipigo iliyofaulu, igawanywe kwa majaribio. Aliyepiga mara 3 katika majaribio 10 ana 0.300, na huyo anaheshimiwa. Hesabu hii ilienezwa katika karne ya 19 na Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani na kuzoesha magazeti kuandika mchezo mzima ndani ya jedwali dogo. Ninamheshimu sana Chadwick, na mwishoni mtaona kwa nini. Lakini wastani wake una kasoro mbili. Kwanza, mpigo wa kufika besi ya kwanza na homurani, yaani mpigo unaovuka ukuta na kumrudisha mpigaji nyumbani, vyote huhesabiwa kimoja. Pili, mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji hupewa besi ya kwanza bure, na wastani haulitambui jambo hilo kabisa, kana kwamba mpigaji hakuwapo. Chadwick aliliona kuwa kosa la mrushaji tu. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mpira unaokuja kwa kasi, akajizuia asiupige kwa sababu ameona unapita pembeni, anajua kwamba hiyo ni kazi ya mpigaji.

Tazameni msimu wa 2004. Ichiro Suzuki wa Seattle alifaulu mipigo 262, rekodi ya ligi kuu ya Marekani ambayo haijavunjwa. Wastani wake ulikuwa 0.372. Barry Bonds wa San Francisco alifaulu mipigo 135 tu, na wastani wake ulikuwa 0.362. Kwa jicho la Chadwick, Ichiro amemshinda.

Sasa tufungue mgono. Bonds alipewa besi za bure mara 232, kwa sababu warushaji walimwogopa. Ichiro alipewa 49. Tukihesabu kila mara mchezaji alipofika besi bila kutolewa, iwe kwa mpigo, kwa besi ya bure au kwa kugongwa na mpira, Ichiro alifika kwa kiwango cha 0.414, Bonds kwa kiwango cha 0.609. Maana yake, katika kila mara 10 Bonds aliposimama na fimbo, zilizokula mali ya timu yake zilikuwa karibu nne tu. Na uzito? Mipigo 225 ya Ichiro ilikuwa ya besi moja moja, homurani 8. Bonds alikuwa na homurani 45. Ukijumlisha besi zote zilizotokana na mipigo na kugawa kwa majaribio, Ichiro ana 0.455, Bonds 0.812.

Jina la Bonds lilitiwa doa na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu, na mpaka leo hajaingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli, wakati Ichiro aliingia 2025 akikosa kura moja tu kati ya 394. Sisemi hayo ni madogo. Nasema hesabu ya uwanjani ni jambo moja na hukumu ya mwenendo ni jingine, na mchambuzi asiyatie katika chungu kimoja.

Vipimo hivyo viwili, kufika besi na uzito wa mipigo, vikijumlishwa vinatoa kipimo kinachoitwa OPS. Kilienezwa 1984 na Pete Palmer na John Thorn. Ni rahisi, na kwa mtangazaji wa redio kinatosha. Ila kina udhaifu: kinachukulia kwamba nukta moja ya kufika besi ina thamani sawa na nukta moja ya uzito, na sivyo. Kufika besi kuna thamani zaidi.

Hapo ndipo ilipoingia kazi ninayoipenda kuliko zote. Wachambuzi walijiuliza: kila tendo la mpigaji linaleta mikimbio mingapi hasa? Wakati wowote wa mchezo, besi zinaweza kuwa na wakimbiaji kwa namna 8, na waliotolewa wanaweza kuwa 0, 1 au 2. Hizo ni hali 24. Walichukua maelfu ya michezo iliyoandikwa, wakatafuta kwa kila hali timu ilipata wastani wa mikimbio mingapi mpaka raundi kwisha. Besi zikiwa tupu na hakuna aliyetolewa, timu hutazamia kama nusu mkimbio. Mtu akiwa besi ya kwanza na hakuna aliyetolewa, inakaribia 0.9. Basi tendo lililoihamisha timu kutoka hali hadi hali thamani yake ni hiyo tofauti. Kwa njia hiyo walipata kwamba besi ya bure ina thamani ya takriban mkimbio 0.3, mpigo wa besi moja karibu 0.47, na homurani karibu 1.4. Mbona homurani isiwe 1 kamili? Kwa sababu mara nyingine inawarudisha na wenzake waliokuwa wakisubiri kwenye besi.

Hali hizo 24 zinatupa pia jibu la ubishi wa makocha. Mtu yuko besi ya kwanza, hakuna aliyetolewa, kocha anamwagiza mpigaji ajitoe mhanga: augonge mpira taratibu, yeye atolewe, mwenzake asogee besi ya pili. Uwanja unashangilia. Lakini timu imetoka kwenye 0.9 na kushuka mpaka karibu 0.7. Imeuza ng'ombe ikanunua kamba ya kumfungia.

Kutokana na thamani hizo Tom Tango na wenzake walitengeneza kipimo kiitwacho wOBA. Kila tendo linapewa uzito wake, uliopandishwa ili jibu lisomeke kama kiwango cha kufika besi, na jumla inagawanywa kwa mara ambazo mchezaji alisimama na fimbo. Kwa msimu wa 2013 uzito huo ulikuwa: besi ya bure 0.690, besi moja 0.888, besi mbili 1.271, besi tatu 1.616, homurani 2.101. Mpigaji wa kawaida wa ligi kuu mwaka huo alikuwa na 0.314.

Tufanye hesabu moja pamoja, kwa vijana wawili wa kubuni, kila mmoja amesimama na fimbo mara 40. Wa kwanza amefaulu mipigo 12, yote ya besi moja, hana besi ya bure hata moja. Wastani wake ni 0.300. Wa pili amepewa besi za bure 8, na katika majaribio 32 yaliyobaki amefaulu mipigo 8: minne ya besi moja, mitatu ya besi mbili, homurani moja. Wastani wake ni 0.250, na kijiweni watamwita dhaifu. Zidisheni sasa. Wa kwanza: 12 mara 0.888 ni 10.656, gawanya kwa 40, anapata 0.266. Wa pili: besi za bure zinampa 5.520, besi moja moja 3.552, besi mbili mbili 3.813, homurani 2.101, jumla 14.986, gawanya kwa 40, anapata 0.375. Tukiushusha uzito huo urudi kuwa mikimbio, yule aliyeitwa dhaifu ameiletea timu mitatu na zaidi kumpita mwenzake, kwa idadi ile ile ya nafasi.

Hesabu za namna hii ndizo Oakland walizotumia mwaka 2002. Walikuwa na bajeti ya mishahara ya takriban dola milioni 40, New York Yankees takriban milioni 125, na timu zote mbili zilimaliza msimu na ushindi 103. Oakland walimchukua Scott Hatteberg, mdakaji ambaye kiwiko chake kilikuwa kimeumia hata hawezi kurusha vizuri, wakampeleka kulinda besi ya kwanza kwa sababu moja: alikuwa na subira na alijua kufika besi. Ndiye aliyepiga homurani iliyowapa ushindi wa 20 mfululizo.

Kuhusu WAR, kile kipimo kinachokusanya kupiga, kukimbia, kulinda na nafasi ya mchezaji na kutoa namba moja ya ushindi, nitasema kidogo. Ni kizuri kwa ligi yenye kumbukumbu kamili. Mwaka 2012 kilimweka Mike Trout juu ya Miguel Cabrera kwa mbali, na bado wapiga kura walimpa Cabrera tuzo ya mchezaji bora. Kwetu kisitumike bado. Hatuna data ya ulinzi, na namba isiyo na msingi inadanganya kuliko macho.

Uwanja nao huhesabiwa. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, mipira inasafiri mbali, na wachambuzi hupunguza namba za wapigaji wa huko kabla ya kulinganisha. Goma iko karibu na mita 1,500. Sisi hapa hatufiki 500. Kijana wa Goma na kijana wa Kisangani wakipiga kwa nguvu ile ile, mpira wa Goma utakwenda mbali zaidi. Vilevile uzito ule wa 2013 ni wa Marekani. Kwenye uwanja wa shule, ambako walinzi hudondosha mipira mara kwa mara, kila mpira unaopigwa ndani una thamani kubwa zaidi. Itabidi tutafute uzito wetu wenyewe.

Na ndiyo maana nafika kwenye daftari. Tukumbuke mshambuliaji wetu wa mpira wa miguu, Ndaye Mulamba: magoli 9 katika Kombe la Afrika la 1974, yakiwemo yote manne ya timu yetu katika fainali na marudio yake dhidi ya Zambia. Mpaka leo rekodi hiyo ni yake, nasi tunaijua kwa sababu iliandikwa. Josh Gibson, mpigaji mweusi wa Marekani, alifariki 1947 akiwa amecheza katika ligi za Weusi, zilizotengwa. Ilichukua watafiti miaka mingi kukusanya majedwali ya magazeti ya zamani, mpaka Mei 2024 ligi kuu ilipokubali takwimu za ligi hizo, na Gibson akawa wa kwanza katika historia kwa wastani wa maisha, 0.372. Kama mwandishi mmoja wa gazeti dogo asingejaza jedwali lake la Chadwick jioni moja, mpigo wa Gibson wa siku hiyo ungepotea milele.

Jirani zetu wa Uganda wametutangulia. Timu ya watoto kutoka Lugazi ilicheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Wote wawili ni warushaji. Naona sababu moja wazi: mrushaji unampima kwa mashine ya kasi, mirusho kumi inatosha kumjua. Mpigaji hajulikani kwa mipigo kumi. Wachambuzi wanasema hata kujua tu ni mara ngapi anakosa mpira kabisa kunahitaji asimame na fimbo mara 60 hivi, na mambo mengine yanahitaji mamia. Mpigaji asiye na maandishi hana njia ya kujieleza kwa mtu aliye mbali.

Bill James, aliyeanzisha wimbi hili lote kwa kitabu alichojichapishia 1977, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharagwe ya kopo huko Kansas. Hakuwa na kompyuta ya timu yoyote. Alikuwa na kalamu, majedwali ya magazeti na muda wa zamu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila shule itakayoanzisha mchezo huu. Kabla hamjatafuta fimbo ya pili, nunueni daftari la mistari na mteue mwanafunzi mmoja wa kuandika. Kila mpigaji anaposimama, aandike tarehe, uwanja, jina, hali ya besi, waliotolewa, na kilichotokea: besi ya bure, besi moja, mbili, tatu, homurani, kosa la mlinzi, ametolewa. Kosa la mlinzi aliandike peke yake. Mwisho wa mchezo kocha atie sahihi, na daftari libaki shuleni, lisiende nyumbani kwa mtu. Nileteeni madaftari hayo baada ya msimu mmoja, tukae tuzidishe pamoja.