VULI YETU NA VULI YA ULAYA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Hotuba nyingi zisomwazo katika mikutano yetu huwa juu ya mishahara, likizo na nyumba za watumishi, nayo ni mambo ya haki. Jioni hii tumechagua jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laweza kuonekana dogo: jinsi watu wa nchi za kaskazini wanavyoona moyoni mwao mchana unapofupika na giza linapoingia mapema, katika majira yaliyo kati ya joto na baridi.

Sababu ya kulichagua ni hii. Wengi wetu tuna mtoto, ndugu au mwenzetu wa kazini aliyekwenda Ulaya kwa masomo au kwa kazi. Wengi wao hufika huko mwezi wa Septemba, vyuo vinapofunguliwa. Khabari zao za kwanza huwa ndefu na zenye furaha. Hata ikifika Novemba, maneno hupungua, simu hazipokelewi, na mtu akiulizwa ana nini hujibu kwamba amechoka tu. Hapo nyumbani husemwa: amekuwa mvivu; ameota kiburi; ametusahau. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Sisi twataka kuonyesha kwamba mara nyingi hapana hata moja katika hayo. Iko sababu nyingine, ya kweli, inayojulikana, na yenye dawa.

Na tuanze na neno lenyewe. Kamusi huyaita majira hayo ya Ulaya kwa jina la vuli. Lakini vuli yetu ni mvua. Huanza kama mwezi wa Oktoba, mkulima huingojea kwa hamu, na ardhi iliyokuwa kavu huvaa kijani. Huko kaskazini, katika miezi iyo hiyo, majani hugeuka rangi, hupukutika, na miti hubaki mitupu. Neno ni moja, lakini mambo mawili yanayotajwa kwalo hayafanani. Basi mzazi asomapo kwamba "vuli imeanza huku," hudhani amepewa khabari njema.

Tena kuna jua. Sisi wa huku tumezoea jua lishikalo zamu yake bila kuchelewa. Hata lugha yetu yalitegemea: twahesabu saa tangu kucha, nayo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na saa kumi na mbili jua huchwa. Hesabu hii yafaa kwa sababu tu karibu na ikweta. Mjini Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote ni dakika chache tu. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. Lakini dunia hulizunguka jua hali imeinama kiasi cha digrii 23 na nusu, na kadiri mtu aendavyo mbali na ikweta ndivyo kuinama huko kunavyomgusa. Mjini London, mchana wa mwisho wa Juni huwa wa saa 16 na nusu. Mchana wa mwisho wa Desemba haufiki saa 8. Mwezi wa Septemba unapokwisha, mchana wa huko hupungua kwa dakika zipatazo 4 kila siku, maana yake karibu nusu saa kwa juma moja.

Tuyaseme hayo kwa saa zetu, ili kila mtu ayaone. Mwezi wa Juni jua la London huchwa baada ya saa tatu ya usiku. Katikati ya Desemba huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri, saa ambayo kwetu watoto bado wanacheza mpira, na kesho yake halichomozi mpaka kama saa mbili ya asubuhi. Karani wa huko huondoka nyumbani gizani, na gizani hurudi. Jua alionalo ni lile la dirisha la ofisi, likiwa halikufichwa na mawingu. Na Mwislamu afanyaye kazi huko, adhuhuri, alasiri na magharibi zote humwingilia kati ya saa sita ya mchana na saa kumi, naye ingali ni saa ya kazi. Imempasa kumwomba mkubwa wake ruhusa mara tatu kwa alasiri moja.

Hapa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu aweza kusema: giza ni giza, na usiku ni wa Mungu, kwa nini wachukie? Lakini tukiwasikiliza vema, twaona kwamba jambo linalowauma wengi wao ni kupotewa na jioni. Asubuhi ya mtumishi ni ya kazi: huamka, huoga, hukimbilia gari. Mchana ni wa bwana wake. Jioni peke yake ndiyo yake mwenyewe. Ndipo aonapo bustani, watoto na rafiki. Vuli ya Ulaya humnyang'anya sehemu hiyo hiyo ya siku. Mkulima wa zamani aliamka na jua akalala na jua. Siku ikifupika, na kazi yake hufupika. Lakini sisi tushikao kalamu, saa ya ofisi haimwulizi mtu kama kumekucha. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko watu wengi.

Ushahidi wa hayo umo katika historia ya kugeuza saa. Mwaka 1907 mjenzi mmoja wa Uingereza, William Willett, alichapisha kijitabu cha kulalamika kwamba mwanga wa asubuhi wa majira ya joto wapotea bure watu wakiwa wamelala, akataka saa zisogezwe mbele. Alifariki mwaka 1915 kabla ya kuona neno lake likikubaliwa. Wadachi walilitumia kwanza, tarehe 30 Aprili 1916, kwa ajili ya kuokoa makaa wakati wa vita. Waingereza wakafuata tarehe 21 Mei mwaka uo huo. Basi kila mwisho wa Oktoba saa hurudishwa nyuma. Jumamosi jua la London huchwa kama saa kumi na moja na dakika 40. Jumapili yake huchwa kama saa kumi na dakika 40. Mwanga haukupotea, umehamishiwa asubuhi tu. Walakini watu husononeka kana kwamba wameibiwa, kwa maana kilichotolewa kilikuwa chao, na kilichorudishwa chaliwa na safari ya kazini.

Waingereza walijaribu dawa. Tangu mwaka 1968 hata 1971 hawakurudisha saa nyuma wakati wa baridi. Jioni zikawa na mwanga zaidi, lakini asubuhi zikawa nyeusi, na kaskazini ya Scotland jua lilichelewa mpaka karibu saa nne. Watoto walikwenda shule gizani, na wakulima na wajenzi wakanung'unika. Mwezi wa Desemba 1970 wabunge walipiga kura, 366 kwa 81, jaribio likakoma. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliwauliza watu wake kama wapenda saa zigeuzwe. Walijibu watu milioni 4.6, na 84 katika kila mia wakakataa. Mwaka 2019 Bunge lao likakubali desturi hiyo ikome mwaka 2021. Mwaka huo ukapita, na saa zikaendelea kugeuzwa, kwani serikali hazikupatana. Twajifunza nini? Kwamba saa yaweza kusogezwa, lakini mchana hauwezi kurefushwa. Ukimpa mmoja mwanga wa jioni umemtia mwingine gizani asubuhi.

Sasa tutazame mwili. Mwanga uingiapo jichoni haufanyi kazi ya kuona tu. Hupeleka khabari ndani ya ubongo, na kwa khabari hiyo mwili hujua saa ya kuamka na ya kulala. Gizani ubongo hutoa kitu kiitwacho melatonini, kinachouambia mwili kwamba ni usiku. Asubuhi zinapokuwa na giza, saa ya mwili huchelewa, na mtu huamshwa na kengele hali mwili wake ungali usiku. Wengi huona uzito kidogo tu. Lakini wako ambao huugua hasa. Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alihamia New York mwaka 1976, na wakati wa baridi akaona nguvu zake mwenyewe zikipungua, zikirudi majira ya machipuko. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliyaeleza maradhi hayo kwa maandishi ya kitabibu. Dalili zake ni huzuni, kulala kupita kiasi, kutamani vyakula vya wanga na vitamu, kuongezeka uzito, na kujitenga na watu. Nayo hurudi kila mwaka. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza katika ujana, yaani umri ule ule wa wale tuwapelekao masomoni.

Mabwana na Mabibi, zikumbukeni dalili hizo, kisha mkumbuke mashtaka ya nyumbani: amelala mno, ameacha kuandika, hataki watu. Ni mambo yale yale, ila sisi twayaita tabia mbaya.

Isidhaniwe kwamba watu wote wa kaskazini huichukia vuli. Wako waipendao: rangi za majani, moto wa nyumbani, na kupumzika baada ya pilikapilika za majira ya joto. Tena wamejua tangu zamani kuweka sikukuu zao za taa mahali giza linapozidi. Mwanzo wa Novemba watu wa Sweden na Finland huwasha mishumaa juu ya makaburi ya wazee wao; tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha mioto mikubwa; tarehe 11 watoto wa Udachi hutembea na taa; na tarehe 13 Desemba Waswedi humwadhimisha Mtakatifu Lusia kwa mishumaa. Huko Tromsø, katika Norway, jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Hata hivyo mtafiti wa Kimarekani Kari Leibowitz, aliyekaa huko mwaka 2014 na 2015, aliona kwamba wakazi wengi huutazama wakati huo kama wakati wenye mema yake, na wenye kuutazama hivyo walikuwa na maisha ya kuridhika zaidi. Mgeni atokaye ikweta hakulelewa na desturi hizo. Giza hulikuta peke yake chumbani.

Na kuna kisa kimoja ambacho makarani wapaswa kukijua. Mji wa Rjukan, huko huko Norway, umo katika bonde jembamba lenye milima mirefu, na tangu mwisho wa Septemba mpaka Machi jua haliufikii. Mwaka 1913 karani mmoja wa hesabu wa kiwanda cha pale alitoa shauri kwamba vioo viwekwe mlimani ili virudishe mwanga mjini. Haikuwezekana siku zile. Badala yake, mwaka 1928, ikajengwa gari ya kamba ya kuwapandisha wafanyakazi mlimani wakaote jua. Shauri la karani likangoja miaka mia. Mwezi wa Oktoba 2013 vioo vitatu vikubwa viliwekwa, vikigeuka kulifuata jua, na mwanga wake huangukia uwanja wa mji, mahali pa kiasi cha mita za mraba 600. Watu hutoka ofisini wakasimama pale. Wasingefanya hivyo kama jambo hili lingekuwa ndoto tu.

Basi tuna mapendekezo matatu ya kuweka mbele ya mkutano.

La kwanza, ye yote anayekwenda kaskazini aambiwe mambo haya kabla ya kuondoka, kama aambiwavyo kuchukua koti. Atoke nje kila siku adhuhuri, ijapokuwa kuna mawingu, kwani mwanga wa nje hata siku ya mawingu huushinda mbali ule wa taa za ofisi. Aamke saa moja kila siku. Serikali ya Uingereza tangu mwaka 2016 imewashauri watu wafikirie kumeza vitamini D kiasi cha mikrogramu 10 kila siku wakati wa vuli na baridi, na watu wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, kwa kuwa ngozi yetu yahitaji jua zaidi kuitengeneza.

La pili, huzuni ikizidi majuma mawili aende kwa daktari bila aibu. Ziko taa maalum zenye nguvu ya laksi 10,000, ambazo mtu huketi mbele yake kiasi cha nusu saa asubuhi. Lakini daktari aulizwe kwanza, hasa na mwenye maradhi ya macho. Iko pia dawa ya kumeza, na ya mazungumzo. Mtu asiambiwe ajikaze tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

La tatu latuhusu sisi tuliobaki. Katibu aweke orodha ya wanachama na watoto wa wanachama walio ng'ambo, na tangu Oktoba mpaka Februari kila mmoja apewe mwenzake wa hapa, wa kumsalimu kila juma. Salamu hizo zisiwe za kuomba fedha wala za kukaripia. Apigiwe siku ya Jumapili, alasiri ya huko, saa ile giza linapoingia, aulizwe kwa upole kama ametoka nje leo. Na asipopokea, apigiwe tena.

Mapendekezo haya sasa yako mikononi mwa mkutano.