Televisheni Moja kwa Kijiji Kizima

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, jioni ya siku yetu ya kukutana)



Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nasi tumerejea. Naishukuru kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama hapa. Niliombwa nizungumze juu ya burudani za utoto wetu, jambo ambalo mtumishi wa serikali haulizwi mara nyingi. Mimi nimezoea kusimama mbele ya watu nikieleza kwa nini fedha za mradi hazijafika. Kwa hiyo mkiona nafurahi kupita kiasi, mnisamehe.

Nimechagua kuzungumza juu ya televisheni, na hasa ile michezo ya Kiswahili tuliyokuwa tukiitazama tukiwa wadogo. Ninayo sababu, na nitaifikia kabla chai haijapoa.

Kwa faida ya vijana, nianze na historia fupi. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1964 utangazaji ukawa mikononi mwa serikali, ukaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1970 stesheni ya televisheni ikafunguliwa Mombasa. Mwaka 1989 Sauti ya Kenya ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mwaka uliofuata ikazaliwa KTN, lakini hapo mwanzo hiyo ilikuwa ya watu wa Nairobi na viungani mwake. Sisi wa mashambani tulibaki na stesheni moja tu. Hapakuwa na cha kuchagua: ama unatazama kilichopo, ama unakwenda kulala. Matangazo yalianza alasiri na kufungwa usiku kwa wimbo wa taifa.

Kijiji chetu kiko katika Bonde la Ufa, katika shamba la mzungu lililogawanywa baada ya Uhuru. Watu walitoka pande nyingi wakanunua hisa, na kila kabila lilikuja na lugha yake, mbegu zake na namna yake ya kupika maharagwe. Nilipokuwa darasa la nne, televisheni kijijini ilikuwa moja. Mwenyewe alikuwa seremala, nasi wote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Fundi. Hakuwa wa kabila letu. Nyumba yake ilipakana na yetu, ua mmoja wa michongoma katikati.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, inchi 14. Fundi aliitengenezea kabati lenye milango miwili na kufuli, na juu yake mkewe akatandika kitambaa cha kufuma. Umeme haukuwako. Tulitumia betri ya gari, ambayo ilifungwa kwenye keria ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa, mwendo wa kilomita 6. Vijana tulipokezana kazi hiyo, na aliyepeleka betri alikuwa na haki ya kukaa mbele juma zima. Nje, erio ilifungwa juu ya mlingoti mrefu. Upepo ukivuma picha ilipotea, mmoja wetu akatolewa nje kuuzungusha. "Bado! Rudi kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Mara nyingi maskini huyo alibaki ameushika mlingoti hadi mchezo ukaisha, akisikia vicheko vya wenzake tu.

Ndani palikuwa na sheria. Mama wa nyumba alisimama mlangoni na beseni, na asiyenawa miguu haingii. Wazee walikaa vitini, akina mama mkekani, sisi watoto sakafuni. Taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa ya wazee, na mtoto akikohoa wakati huo alitazamwa kwa jicho ambalo nalikumbuka hadi leo.

Tulitazama mengi. Tuliitazama kandanda ya Ujerumani, tukazijua timu za Bundesliga kuliko majina ya mito katika kitabu cha jiografia. Mwaka 1990 tulitazama Kombe la Dunia kutoka Italia. Cameroon walipowafunga Argentina bao moja kwa bila, Fundi mwenyewe alitoka akazunguka nyumba mara mbili. Roger Milla, mwenye umri wa miaka 38, akacheza ngoma kwenye kibendera cha kona, na siku ya pili yake kila mtoto alicheza vile karibu na mlingoti wa bendera ya shule. Katika robo fainali dhidi ya Uingereza mabao yakawa mawili kwa mawili, ukaingia muda wa nyongeza, na betri ikafa. Tulikaa gizani tumeduwaa. Matokeo tuliyapata redioni asubuhi, nayo, kama mjuavyo, hayakuwa mazuri.

Lakini usiku wenyewe hasa ulikuwa ule wa Vitimbi, na ule wa Vioja Mahakamani.

Ndugu zangu, hebu tuitafakari kidogo michezo ile, maana tuliicheka sana bila kuipima. Katika Vioja Mahakamani kila kitu kilifanyika mbele ya hakimu. Mshtakiwa alipanda kizimbani, akasomewa shtaka, akaulizwa kama anakubali au anakana, mashahidi wakaitwa, kisha hukumu ikatolewa. Wanakijiji ambao hawakuwahi kukanyaga mahakama walijifunza pale kwamba mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Baba yangu hakusoma kupita darasa la tatu, lakini alipotuamua tukigombana alituuliza, "Shahidi wako nani?"

Nayo Vitimbi ilikuwa nyumba ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Mzee alijifanya mwerevu, mkewe akamshinda, wageni wakaja na vituko vyao, na kila mmoja akazungumza Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Hilo ndilo jambo nililotaka mliangalie. Ojwang' alizungumza kama mzee wa Nyanza, kofia kichwani na mkono hewani. Lakini mwigizaji mwenyewe aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, na jina Khavere ni la Kiluhya. Watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mjaluo walibeba lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi, wakaibeba kwa mapenzi, hata Wajaluo wenyewe wakawaita watu wao. Wanjau alipofariki dunia mwezi Julai mwaka 2015, nchi nzima ilimlilia kwa jina la Ojwang', wala hakuna aliyeuliza ni wa kabila gani.

Sebuleni kwa Fundi tuliyasikia makabila ya Kenya yakipita kwenye kioo kimoja baada ya jingine, na kila lilipofika zamu yake, wenyewe ndio waliocheka zaidi. Kiswahili chetu kilikuwa kibovu, lakini kilitosha kutuchekesha sote kwa wakati mmoja.

Sasa nitasema jambo lisilochekesha, kwa kuwa vijana hawa wana haki ya kulijua.

Mwishoni mwa mwaka 1991 vita vya kikabila vilizuka katika Bonde la Ufa, na mwaka 1992 vikafika kwetu. Mimi nilikuwa darasa la nane. Sitawaambia kwamba televisheni ilizuia moto, maana haikuzuia. Nyumba zilichomwa. Watu waliokuwa wakinawa miguu mlangoni kwa Fundi, baadhi yao walinyamaza kimya siku alipotangaziwa kuondoka. Wengine walikuja usiku wakamsaidia kupakia mizigo kwenye lori, na baba alikuwa miongoni mwao. Lori lilikuwa dogo. Watoto walipanda, magodoro yakapanda, vyombo vya useremala vikapanda, na kabati la televisheni halikupata nafasi. Fundi alimkabidhi baba ufunguo juu ya ua wa michongoma. Hawakusema mengi.

Televisheni ile ilikaa nyumbani kwetu karibu miaka mitatu, na haikuwashwa hata siku moja. Betri ilikuwako. Mlingoti tuliung'oa tukaulaza nyuma ya nyumba. Dada zangu walimsihi baba, mama naye akajaribu kwa njia zake. Jibu lake lilikuwa moja: "Si yetu. Mwenyewe hayupo." Tuliketi mbele ya kabati lililofungwa jioni za Vitimbi, huku tukijua fika kwamba wakati ule ule Ojwang' anagombana na Mama Kayai hewani juu ya paa letu. Mwaka 1995 kijana mkubwa wa Fundi alikuja na pikapu. Baba akampa kabati, kitambaa cha kufuma kikiwa juu yake, na ufunguo. Fundi hakurudi kukaa kwetu tena, lakini baba yangu alipozikwa, alikuja yeye na mkewe wakakaa nasi siku tatu.

Nilifika katika shule hii kidato cha kwanza mwaka 1993, nikitoka katika hali hiyo. Wenzangu wa wakati ule mnakumbuka. Tulikusanywa kutoka mikoa yote minane, na baadhi yetu tulikuwa tumeonywa nyumbani tusiwaamini watu wa kabila fulani na kabila fulani. Kitanda changu kilikuwa juu ya kitanda cha kijana ambaye, kwa maneno ya vita vile, tulipaswa kuwa maadui. Juma la kwanza tulisalimiana tu. Jumamosi ya pili, baada ya kiranja kuzima taa, mtu mmoja upande wa pili wa bweni akaita kwa sauti ya karani, "Mahakamani kimya!"

Mabwana, mahakama ile ilidumu miaka minne. Hakimu alijifunika blanketi kama joho. Mashtaka yalikuwa kuiba mkate, kukoroma, na kutumia sabuni ya mwenzio bila idhini. Aliyetoka Kakamega, aliyetoka Lamu, aliyetoka Kitui na aliyetoka Nyeri, wote walijua maneno ya kizimbani, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mtu fulani akitazama kioo kile kile. Jirani yangu wa kitanda alishtakiwa kwa kukoroma, mimi nikawa wakili wake. Tulishindwa kesi. Leo yuko meza ile ya dirishani, na mkewe amenihakikishia kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki.

Hata hivyo, kicheko kina makali pande mbili. Tulipokuwa kidato cha pili, kundi fulani lilianza kumwiga kijana mmoja kila alipofungua kinywa darasani, hadi akaacha kujibu maswali. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakumchapa mtu. Alituuliza, "Mzee Ojwang' anaanza kwa kujicheka mwenyewe. Nyinyi mnaanza na nani?" Tangu hapo ndicho kipimo changu. Mcheka mwenziwe hali naye ameketi, huyo anacheza. Mcheka mwenziwe ili aondoke, huyo ameanza vita.

Vijana, dunia yenu si ile. Mwaka 2015 mitambo ya zamani ilizimwa, na milingoti yetu ikabaki ya kuanikia nguo. Stesheni sasa ni nyingi, zipo za Kiswahili na za lugha za nyumbani, na kila mmoja anaweza kutazama atakacho kwenye simu, peke yake, masikio yamezibwa. Sitasema simu ni mbaya, kwa kuwa ninayo mfukoni. Wala sitasema zamani ilikuwa njema, kwa kuwa nimekwisha waeleza ilivyokuwa. Tena mwaka 2007, televisheni zilikuwa nyingi kuliko enzi zetu, na bado nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule.

Kwa hiyo mashine si dawa. Kilichotufaa sisi ni mlango uliokuwa wazi, beseni la maji, na sakafu iliyotulazimisha kukaa bega kwa bega na mtoto wa mwingine. Waliokuja usiku kupakia mizigo ya Fundi walikuwa watu wa sakafu ile. Hawakuwa wote, nakiri hivyo, lakini wote waliokuja walikuwa wa pale.

Bwana Mwenyekiti, sikuja na maneno matupu. Naomba chama chetu kiinunulie shule projekta na kitambaa cha kuonyeshea picha, vikae bwaloni, nami nimekwisha weka mchango wangu kwa Mweka Hazina. Naomba pia Mwalimu Mkuu atenge Jumamosi moja ya kila muhula, ambapo wanafunzi wataigiza mchezo wa Kiswahili walioutunga wenyewe, na baada yake watatazama pamoja mchezo mmoja wa zamani. Simu zikusanywe mlangoni. Viti vipangwe ili mtu asikae na wa bweni lake. Na kidato cha kwanza wakae mbele, hata kama hawakupeleka betri.

Nyinyi mtakaotunga michezo hiyo, tuchekeni sisi wazee pia, tuna vituko vya kutosha. Mkianza na mimi sitakata rufaa.

Naitakia shule yetu heri, walimu afya njema, na wanafunzi ushindi katika mitihani yao.