Mstari wa Nne

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wahitimu na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya wazazi na watoto katika nyumba ya Kikristo. Nadhani Ndugu Mwenyekiti alitazamia kwamba nitawaonya vijana. Vijana wameonywa vya kutosha. Leo nina neno na wenzangu wenye mvi.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama sote tunaijua. Sisi Walutheri, kama Wakatoliki, huihesabu kuwa ya nne. Waanglikana huihesabu kuwa ya tano. Lakini sijaona bado mzazi wa dhehebu lolote aliyeisahau. Mtume Paulo anaikumbusha katika Waefeso sura ya 6, mstari wa 1 mpaka wa 3, na wengi wetu tukifika hapo tunafunga Biblia. Mstari wa 4 ni wetu akina baba. Unatukataza kuwachokoza watoto. Katika Wakolosai sura ya 3 anatoa na sababu: mtoto anayetendewa hivyo huvunjika moyo. Kumbukeni kwamba kwa sheria ya Kirumi ya siku zile baba alikuwa na mamlaka juu ya mwanawe hata mwana akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kumwambia baba wa namna ile kwamba naye ana mpaka halikuwa jambo dogo.

Mimi mstari huo niliusoma kwa kuchelewa. Mwaka 1996 nilikuwa mhazini wa mtaa wetu, tukichanga fedha za kuezeka kanisa. Siku moja nikahesabu fedha zilizokuwa kabatini, nikakuta zimepungua shilingi 20,000. Kijana wangu wa kwanza alikuwa nyumbani kwa likizo, yuko Kidato cha Pili. Sikuuliza mara mbili. Nilimchapa mbele ya wadogo zake, naye akawa anasema neno moja tu: "Sikuchukua, baba."

Siku ya tisa, nikiwa kanisani, nilifungua kitabu changu cha nyimbo ikaanguka risiti ya misumari. Shilingi 20,000, nimelipa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikamwomba radhi. Sikwenda. Nilikaa na risiti ile mfukoni wiki mbili. Kila jioni tulisali pamoja kama desturi ya nyumba yetu, na tulipofika mahali pa kuomba kusamehewa makosa, sauti yangu ilishuka. Niliogopa nini? Niliogopa kwamba nikisema, "Nimekosa," ubaba wangu utapungua. Mama watoto, ambaye alikwisha kuiona risiti alipofua suruali, hakugombana nami. Alisema tu, "Mtoto anarudi shule Jumatatu."

Jumapili jioni nikasema, na nikasema mbele ya wadogo zake wale wale, kwa sababu fimbo waliiona. Ndugu zangu, kutoa hotuba mbele yenu ni kazi rahisi kuliko ile. Kijana alitazama chini, akajibu, "Nimesikia, baba. Yameisha." Tukasali. Ubaba wangu haukupungua. Wadogo zake walianza hata kuniletea makosa yao wenyewe kabla sijayagundua.

Lakini nisiwadanganye kwamba radhi hufuta kila kitu. Martin Luther, ambaye Katekisimo yake Ndogo ya mwaka 1529 ilikusudiwa baba aifundishe nyumbani mwake, alisimulia ukubwani jinsi mama yake alivyomchapa hata damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja. Wazazi wake aliwapenda. Kokwa ile hakuisahau.

Kijana wangu sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto, na hunitunza vizuri. Mwezi uliopita nilimpa fedha aninunulie betri za redio. Alirudi na betri, na chenji, na risiti. Hunipa risiti siku zote. Kwenye vibanda visivyotoa risiti, humwomba mwuzaji amwandikie kwenye kipande cha karatasi.