Mifupa ya Mtoto Asiyeweza Kunywa Maziwa

Msikilizaji, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akinywa maziwa ya ng'ombe akavimba midomo, akatapika na kutoka vipele mwili mzima, mzazi anayemwachisha maziwa hayo hajakosea. Tabu huanza pale anapotafuta cha kuyafidia. Hapa Hai Amarat, Juba, wengi hukimbilia kopo jingine la maziwa la bei kubwa zaidi au maziwa ya mbuzi. Ya mbuzi hayafai: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, hata watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika nayo pia. Maziwa ya soya au mchele nayo, kama kiwanda hakikuyaongezea kalsiamu, hayana la maana kwa mifupa. Mimi naamini kalsiamu ya mtoto huyu mzazi ataipata kwa urahisi zaidi soko la Konyo Konyo, kwenye dagaa wakavu.

Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yanapendekeza miligramu 500 za kalsiamu kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Glasi moja ya maziwa hutoa takriban 300, kwa hiyo pengo linaloachwa si dogo, na asida, yaani ugali, na mchuzi mtupu haviwezi kuliziba. Wapo watakaosema jua la Juba linatosha kuimarisha mifupa. Jua husaidia mwili kutengeneza vitamini D, lakini haliupi kalsiamu. Mwaka 1999 mtafiti Tom Thacher na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wa Nigeria wenye matege, watoto wa nchi yenye jua kama letu. Watoto hao walikuwa wakipata takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Baadaye watafiti hao walijaribu samaki wa kusaga, na nao wakaponya matege ya watoto. Kalsiamu ya samaki imo kwenye mifupa. Mnofu mweupe wa samaki mkubwa unayo kidogo sana. Ndiyo maana nawataja dagaa, wanaoliwa wazima.

Mtu atauliza: mifupa haitamkwama mtoto kooni? Itamkwama akipewa dagaa wazima. Waoshwe mchanga na chumvi, wakaushwe kwenye kikaango bila mafuta, wasagwe hadi wawe unga laini, uchungwe, kisha unga huo ukorogwe kwenye uji au mchuzi. Mboga nazo zina nafasi, ila hazilingani. Mwili hufyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi, kwa kuwa oksalati iliyomo kwenye mboga hiyo huishikilia. Ya maziwa hufyonza kama asilimia 30, ya sukuma wiki kama 40. Na mboga zetu za Juba hupikwa mara nyingi kwa dakwa, yaani karanga za kusaga. Mwenye mzio wa karanga apikiwe chungu chake na mwiko wake, maana kumwekea pembeni baada ya dakwa kuingia ni kuchelewa.

Kama mzio ni wa samaki, unga wa dagaa haumhusu kabisa. Hapo ulezi na sukuma wiki vitasaidia, na daktari apime kama anahitaji dawa ya kalsiamu. Lakini siungi mkono kumkataza mtoto maziwa, mayai, samaki na karanga kwa pamoja eti kwa tahadhari. Kila chakula kinachoondolewa bila ushahidi humpunguzia mifupa na damu. Wengi wenye mzio wa maziwa hupona kabla ya kuanza shule, hivyo wapimwe tena, tena hospitalini, si kwa kuonjeshwa nyumbani. Na anayempeleka mtoto kliniki kwa utapiamlo amwambie muuguzi habari za mzio kabla ya kupokea pakiti ya lishe ya tiba, kwa sababu ile iliyozoeleka hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga.