Mgeni Mimbarani
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu, siku moja kabla ya Misa ya Jubilei



Tumeitwa kuhubiri kesho katika kanisa lenu, nasi si watu wa dayosisi hii. Jioni hii hatukuja kuhubiri, bali kuomba. Twaomba sala zenu. Na kwa ruhusa ya Bwana Askofu twataka kuwaeleza sababu, maana huenda mtu akadhani kwamba kusema "Mniombee" ni adabu ya wageni tu, kama kupiga hodi mlangoni.

Wazee husema mgeni ni kuku mweupe. Aingiapo huonekana, na macho yote humwelekea. Mwalimu wa mtaa hujulikana na watu wake. Wamemwona akilima, wamemwona akizika wafu wao, hata akisema maneno machache yasiyopangika wao humsikia, kwa kuwa maisha yake yamekwisha kusema. Mgeni hana hayo. Basi hujaribiwa kutafuta sifa kwa ulimi, au kutoa mfukoni hotuba iliyosifiwa mahali pengine, nayo imekauka na kuota ukungu kama mikate ya Wagibeoni walipomwendea Yoshua. Twalijua jaribu hili, wala si jepesi.

Fikirini habari za Petro na Kornelio, katika sura ya kumi ya Matendo ya Mitume. Kornelio alikuwa akida wa askari pale Kaisaria. Naye alikuwa akisali saa tisa, alipoagizwa amwite mgeni asiyemjua. Kesho yake Petro, aliyekuwa Yafa katika nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi, alipanda darini kusali saa sita. (Saa hizi zahesabiwa tangu mapambazuko, kama tuhesabuvyo sisi, wala hatuna haja ya kuzigeuza.) Tazameni basi: wajumbe hawajabisha mlangoni bado, na mwenyeji amekwisha kusali, mhubiri naye yuko katika sala, tena ana njaa. Hotuba ile ilianza katika nyumba mbili, kabla ya neno lolote kusemwa.

Petro alipofika, Kornelio alianguka miguuni pake. Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa mgeni, kuliko kudharauliwa. Petro akamwinua, akamwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu. Kisha akauliza kwa nini wamemwita. Ni mtume, ameonyeshwa maono, na bado auliza! Akamsikiliza mwenyeji kwanza, akakiri mbele ya watu kwamba sasa ametambua jambo la Mungu. Na alipokuwa angali akinena, Roho Mtakatifu akawashukia wote waliosikia. Hotuba yake haikungojewa imalizike. Sijui kama yuko mhubiri apendaye kukatizwa, lakini Petro hakunung'unika.

Twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile mgeni naye alipona.

Hata katika nchi zetu wako waliojua kusikiliza kwanza. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alijifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja wenyewe, akaziandika hadithi walizomsimulia, zikapigwa chapa London mwaka 1870. Baadaye, mwaka 1874, aliwekwa kuwa Askofu, na kanisa kuu la Mkunazini likajengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Wengi humkumbuka kwa kanisa lile. Sisi twamkumbuka zaidi kwa miaka ile ya kuketi na kusikiliza, maana mgeni asiyekubali kuwa mwanafunzi atawahubiri watu aliowaumba kichwani mwake.

Kwa hiyo, walimu, twawasihi mtusaidie usiku huu. Tuambieni habari za watu wenu: ni nani wamefiwa mwaka huu, njaa imepiga wapi, ni kina nani watakaotembea usiku kucha ili wafike asubuhi. Lakini msituletee majina ya watu ili tuwapige kutoka mimbarani. Desturi hii iko, nasi twaijua: mwenyeji humnong'oneza mgeni jambo la jirani yake, na mgeni, kwa kuwa ataondoka kesho, hutupa mshale asioweza kuutibu. Mambo kama hayo yana padre wake na faragha yake. Mtu aliyetembea usiku kucha kuja kushukuru asirudi kwao ameaibishwa na mtu asiyemjua hata jina la mama yake.

Nanyi Wakristo, msituombee tupate ufasaha. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso, hali amefungwa minyororo, aliwasihi wamwombee apewe neno la kusema na ujasiri wa kulisema. Na kwa Wakorintho alikiri kwamba alifika kwao katika udhaifu na hofu na kutetemeka. Basi tuombeeni neno moja lililo la kweli, na moyo wa kunyamaza likiisha kusemwa. Na yule atakayesinzia kesho kwa uchovu wa safari, mwacheni asinzie.

Sala ya jioni itaanza saa kumi na mbili. Sisi tutakaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na watoto wa shule. Atakayetaka kutuambia jambo la mtaa wake atatukuta pale.