Mzee Asiachwe Kitandani: Utengamao Unaoanzia Wodini



1. Utangulizi

Bibi mmoja wa miaka sabini na ushei alilazwa wodini kwetu kwa homa ya mapafu. Alikuja kwa miguu yake, ameshikwa mkono na mjukuu. Siku ya 12 mapafu yalikuwa safi na daktari akamruhusu. Bibi akashindwa kusimama. Faili lake lilijaa vipimo na dozi, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kama aliwahi kushuka kitandani. Ugonjwa tuliuponya, miguu tukaipoteza.

Hoja yangu ni moja: utengamao haungoji mgonjwa apone. Ni sehemu ya matibabu tangu siku anapolazwa.

2. Kitanda kinavyodhuru

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na homa, wala jeraha, wala njaa ya hospitali. Mgonjwa wetu anavyo vyote vitatu. Ongeza makohozi yanayotuama kifuani, damu inayoganda miguuni na vidonda vya mgandamizo kwenye makalio na visigino.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935, daktari Marjory Warren alikabidhiwa wagonjwa 714 wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex, karibu na London. Wengi walikuwa wamelala tu, wamekatiwa tamaa. Alimpima kila mmoja upya, akawaamsha na kuwafanyisha mazoezi, na wengi wakarudi makwao. Tiba ya wazee kama fani ilichipukia hapo.

3. Kuamsha kwa kipimo

Kuamsha si kukurupusha. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,000 katika nchi 5, ulionyesha kuwa mazoezi mengi na mazito ndani ya saa 24 za kwanza yalipunguza nafasi ya kupona vizuri. Vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vinavyofaa. Mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu, presha itulie, ndipo asimame. Mkono uliopooza usivutwe kamwe, maana bega huteguka kwa urahisi. Na mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu, kosa tunaloliona kila siku koridoni.

4. Ndugu wa mgonjwa

Saa za kuona wagonjwa, watoto na wajukuu humlisha mzee, humvisha, humfuta uso. "Pumzika tu, baba." Kwetu hiyo ndiyo heshima, na hakuna wa kuwalaumu. Ila mkono usioshika kijiko wiki mbili husahau kijiko. Tuwafundishe ndugu heshima ya namna nyingine: kumsogezea bakuli, kisha kumsubiri. Hao ndio watakaoendeleza mazoezi nyumbani, hivyo somo lao lianze wodini, si mlangoni siku ya kuondoka.

5. Nyumba anayorudi

Wodini tunamfundisha kutembea kwenye sakafu laini, na nyumbani anakuta choo cha kuchuchumaa, kizingiti na uani penye mawe. Aliyevunjika nyonga hawezi kuchuchumaa. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya tundu la choo, na kitanda kifupi kikainuliwa kwa matofali. Anayeswali afundishwe kuswali kwenye kiti. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kupata huduma za afya, lakini mzee anayekosa nauli ya kurudi kliniki hatafaidi mazoezi yetu. Mpango wa nyumbani uwe mfupi, wa vifaa vilivyopo.

6. Mapendekezo

Kwanza, ndani ya saa 24 za kulazwa faili lijibu swali: kabla ya kuugua, mzee huyu alikuwa akijifanyia nini? Pili, muuguzi aandike kila zamu kama mgonjwa ameketi, amesimama au ametembea, kama anavyoandika joto. Tatu, kila wodi iwe na viti imara vyenye mikono. Nne, ndugu mmoja afundishwe na aonyeshe alichojifunza kabla ya mgonjwa kuruhusiwa.

7. Hitimisho

Yule bibi tulimuuliza swali hilo siku ya 12, tayari hawezi kusimama. Akatujibu kwamba alikuwa akiuza vitumbua barazani kwake, akiamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Tungemuuliza siku ya kwanza, tungejua tunamtibu ili arudi wapi.